Khajuraho, Thanjavur au Belur: upo India na una nafasi ya hekalu moja tu, uende lipi?

Hili swali linaulizwa sana na watu wa aina mbili. Kuna wale waliompeleka mgonjwa Chennai au Delhi, daktari kasema subirini wiki hivi vipimo vikamilike, na kuna wanafunzi wa Bangalore, Pune na kwingineko wenye likizo fupi na hela ya kuungaunga. Wote wanataka kuona mahekalu ya zamani ya Wahindu, wakiingia mtandaoni wanakutana na orodha ndeeefu ya mahekalu, kila moja limeitwa la ajabu, kila picha imepigwa jua likizama, mwisho wa siku wanaenda lile lililo karibu na kituo cha treni. Sio dhambi, ila haya majengo hayafanani kabisa ukiyasogelea, na mtu akishajua yanapotofautiana hachagui tena kwa picha.

Nalinganisha mitindo mitatu mikubwa. Kaskazini kuna Nagara, kusini kuna Dravida, na pale Karnataka katikati kuna ule wa wafalme wa Hoysala ambao vitabu vingi huuweka kwenye kapu la Vesara. Nagara nimeuchukulia Khajuraho, Dravida nimeuchukulia hekalu kubwa la Thanjavur, Hoysala ni Belur na majirani zake. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiye na muda usome hapa uishie: kama hutarudi tena India maisha yako yote, nenda Thanjavur. Ila kuna watu ambao Thanjavur itawachosha, na hao nitawaelekeza pao.

Kwanza yanapofanana

Mafundi wa zamani wa Kihindu walianza na ardhi kabla ya jiwe. Mahali pakishachaguliwa unachorwa mraba, mraba unakatwa vyumba vidogo vidogo, 8 kwa 8 vinakuwa 64 au 9 kwa 9 vinakuwa 81, na kila kachumba kana mungu wake anayekalia hapo. Katikati anakaa Brahma, mungu muumbaji. Chini ya huo mraba wote wanasema kalala mtu mmoja mkubwa kifudifudi, Purusha, kichwa kaelekeza kaskazini-mashariki, na miungu ndio waliomkandamiza hapo asinyanyuke. Varahamihira, msomi wa karne ya 6, ameandika kabisa kwamba mraba wa vyumba 64 ndio wa hekalu. Baadaye vikaja vitabu vya mafundi wenyewe kama Mayamata na Manasara, vinasema hadi upana wa mlango uwe sehemu ya ngapi ya ukuta.

Juu ya ile sehemu ya katikati ya mraba ndo kinajengwa chumba kidogo cheusi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Wanakiita garbagriha, humo ndimo anamokaa mungu mwenye hekalu. Halafu juu ya chumba hicho unapandishwa mnara mzito wa mawe ambao ni mlima, mlima wa miungu, Meru au Kailasa inategemea unaongea na nani. Kwa hiyo hekalu lolote utakaloenda, liwe la kaskazini au kusini, kimsingi ni pango ndani ya mlima, unatoka kwenye jua unaingia kwenye ukumbi wenye mwanga kidogo unaingia kwenye giza. Mlango mara nyingi unatazama mashariki ili jua la asubuhi liingie moja kwa moja. Na unalizunguka likiwa mkono wako wa kulia, usije ukaanza kushoto ukashangaa kwa nini kila mtu anakuja mbele yako.

Kitu kingine kinachofanana ambacho wageni wengi hawaambiwi, ni kwamba hawa mafundi hawakutumia tao. Waliweka jiwe juu ya jiwe, la juu linatokeza kidogo kuliko la chini, mpaka pande mbili zinakutana juu, na uzito wenyewe ndo unaoshikilia kila kitu, saruji hakuna. Matokeo yake kuta zinakuwa nene sana na vyumba vinakuwa vyembamba. Nawaambia hili kwa sababu kuna watu wanafunga safari wakitegemea kuingia ukumbi mpana wenye kuba kama msikiti wa Istanbul, wanakuta kijichumba cha kusimama watu wachache wanasema "sasa ndo hiki?" Ndo hiki. Ukubwa wa hekalu la Kihindu uko nje.

(Kabla hatujaendelea, vastu, yaani kanuni za kupanga nyumba, ya kwenye matangazo ya nyumba za kupanga Bangalore, mlango mashariki jiko kusini-mashariki choo kisikae sijui wapi, imetokana na hayahaya lakini ni toleo la madalali. Usiende hekaluni ukitafuta jiko.)

Sasa tofauti. Mpango ni mmoja, ila kila upande uliamua kuweka nguvu zake sehemu yake. Kaskazini waliweka kwenye mlima wenyewe. Kusini waliweka kwenye mlima pia mwanzoni lakini baadaye wakahamia kwenye uwanja na mageti. Hoysala wakaweka kwenye ukuta, pale macho yako yanapofika ukiwa umesimama. Ukilishika hilo umemaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Khajuraho

Iko Madhya Pradesh, mji mdogo tu hadi leo, ila una uwanja wake wa ndege na treni ya kutoka Delhi. Waliojenga ni wafalme wa Chandela, kazi kubwa ilifanyika kati ya mwaka 950 na 1050 hivi. Wenyeji wanasema yalikuwa mahekalu 85, yaliyosimama leo ni kama 25. Baada ya utawala ule kudhoofika sehemu ikabaki porini mpaka mwaka 1838 ambapo kapteni mmoja wa Kiingereza, T. S. Burt, aliambiwa habari zake na wabeba machela wake, ndo mnaambiwa "aligundua". Waliokuwa wanajua walikuwa wanajua. UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 1986.

Pale cha kuangalia ni Kandariya Mahadeva, limejengwa kama mwaka 1030. Mnara wake una mita 31 hivi, sio mrefu kihivyo, maghorofa ya Kariakoo yanaupita, lakini ukisimama mbele yake unaona unapanda haraka kuliko macho yako. Sababu ni kwamba mnara mkubwa umebebeshwa minara midogo midogo inayofanana nao, 84, mmoja kaegemea mwingine kama mama aliyebeba mtoto mgongoni na yule mtoto naye kabeba wake. Mistari yote inakimbilia juu ikijikunja kidogo kidogo hadi kwenye lile jiwe la duara lenye mbavu mbavu liitwalo amalaka, juu yake kuna chungu cha jiwe, basi. Hiyo ndo shikara ya Nagara, ukiiona mara moja huisahau.

Halafu geuka uende ubavuni, uliangalie hekalu kwa upande. Utaona paa la kibaraza ni dogo, paa la ukumbi wa kwanza limezidi, la ukumbi mkubwa limezidi tena, halafu mnara. Safu ya milima kabisa, na ndani nako sakafu inapanda kadri unavyosogea kwa mungu. Hapa ndo kwa kweli kanuni yote ya mlima na pango inasomeka bila kuhitaji mtu wa kukueleza, ndo maana anayesomea usanifu wa majengo nitamtuma Khajuraho kabla ya kwingine kokote. Lingine la kumtuma hapo ni Lakshmana, la karibu mwaka 954, kwa sababu bado lina vihekalu vinne kwenye pembe nne za jukwaa lake, unaona mpango mzima wa mraba ulivyokusudiwa.

Sasa zile sanamu. Najua. Ndizo zilizolipa jina, na ukimwambia mtu unaenda Khajuraho anacheka kwanza. Ukweli ni kwamba za mahaba ni kama moja ya kumi ya sanamu zote, zilizobaki ni miungu, wanawake wanajipamba, mwanamke anatoa mwiba mguuni, wanajeshi, tembo, wanamuziki. Na hazikutupwa ovyo, zile kubwa zimewekwa pale ukumbi unapoungana na nyumba ya mungu, kwenye kiungio. Wasomi wanabishana maana yake mpaka leo. Mimi shida yangu ni ya kawaida tu, ukiwa umemsindikiza mama mkwe aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa macho sijui utamwambia nini pale mbele ya Kandariya. Fikiria kabla.

Lililobaya kwa Khajuraho ni kwamba pamekufa. Samahani kwa neno hilo, lakini kundi la magharibi ambalo ndo zuri zaidi limezungushiwa uzio, bustani ya majani imekatwa vizuri, mlinzi anapuliza filimbi, unakata tiketi (bei ya mgeni ilikuwa rupia 600 na Mhindi 40, cheki kabla hujaenda) na ibada hakuna. Linaloabudiwa hadi leo ni moja, Matangeshvara, liko nje ya uzio na linga lake (nguzo ya jiwe ya mungu Shiva) lina urefu wa mita 2 na ushee. Ukitaka kuona mahekalu kama majengo, huo ukimya ni faida, unapiga picha unavyotaka hakuna anayekusukuma. Ukitaka kuona hekalu linavyotumika utaona umeenda makumbusho.

Na jua, aisee. Mwezi wa nne hadi wa sita joto linapita 40. Nenda kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili.

Kwa Mkenya au anayepita Nairobi kuna jambo la kuzingatia hapa. Hekalu la Swaminarayan pale Nairobi lililofunguliwa 1999 ni la ukoo huuhuu wa Nagara, mawe yalichongwa India yakaletwa kwa meli yakaunganishwa pale. Shikara, amalaka, kibaraza, nguzo zilizochongwa, vyote vipo. Nenda ukalitazame kwanza, ni bure kuliko nauli ya Delhi. Kama litakugusa basi Khajuraho itakuua. Kama litakupita tu, jua kusini ndo kwako.

Thanjavur

Hekalu kubwa la hapa, Tamil Nadu kusini, mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alilimaliza mwaka 1010. Shika hiyo tarehe, ni kizazi kimoja tu kabla ya Kandariya, na mnara wake una zaidi ya mita 60. Mara mbili. Wa granaiti. Na Thanjavur iko kwenye bonde la mto Kaveri ambako kuna mpunga na udongo, granaiti hakuna, kila jiwe lilivutwa kutoka mbali makumi ya kilomita.

Mnara wa kusini haujikunji. Ni piramidi ya ngazi ngazi, ghorofa 13 zinapungua kidogo kidogo, kila ghorofa imejaa vijumba vidogo vya mawe mithili ya mtaa mzima uliopandishwa juu, na mwisho kabisa ndo kuna kikuba kimoja. Wao mnara mzima wanauita vimana na jina la shikara wamekipa kile kikuba cha juu tu, kwa hiyo ukisoma vitabu vya kaskazini na kusini kwa pamoja unaweza kuchanganyikiwa. Ndani mnara ni mtupu! Ule mlima wote umeachwa wazi katikati, kuta mbili nene zinakwenda juu zikiinamiana.

Mwongozaji atakuambia mambo mawili. Kwanza kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi mchana. Kinagusa, simama uone. Pili kwamba lile jiwe la juu ni moja la tani 80 lililoburutwa kwenye mteremko wa udongo wa kilomita kadhaa. Hiyo ichukue kama simulizi, inafurahisha, usiibebe kwenda kuiandika kwenye mtihani.

Vitu vya kweli vinashangaza zaidi. Rajaraja aliamuru kila kitu kichongwe kwenye ukuta wa msingi, yaani hekalu lina leja yake ya mawe. Kila pambo la dhahabu lililotolewa na uzito wake, nani katoa. Wacheza ngoma 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine wameandikwa kwa majina, na mtaa wanaokaa, na nyumba ya ngapi. Msanifu mkuu naye yupo, Kunjara Mallan. Huko Khajuraho jina la fundi utalitafuta sana. Na ghorofa ya juu ndani ya ukuta kuna mikao 108 ya ngoma takatifu iliyopangwa kuchongwa, wakafika 81 wakaacha, mawe yaliyobaki yapo hivyohivyo matupu miaka elfu moja, na hakuna anayejua kwa uhakika kilichowasimamisha.

Uwanja wenyewe ni miraba miwili iliyounganishwa, mita 240 hivi kwa 120, na hekalu limesimama katikati ya mraba wa nyuma, ule wa mbele umeachwa wazi upate nafasi ya kulitazama. Hii ndo sababu hasa naipa Thanjavur namba moja. Ile hesabu ya mraba niliyoieleza juu, hapa unaitembea kwa miguu yako. Unapita geti la kwanza, la pili, unafika kwa yule ng'ombe mkubwa Nandi wa jiwe moja (huyu aliwekwa baadaye na watawala wa Nayaka, sio wa Chola), halafu unaangalia juu. Wakati huo pembeni yako kuna bibi kakaa anakula, watoto wanakimbizana, kengele inalia, kuhani anapita na sinia. Jengo la miaka elfu na bado liko kazini. Hata jina lake la urithi wa dunia (liliingia 1987, likaongezewa wenzake wawili 2004) ni "mahekalu makuu yaliyo hai ya Chola".

Angalia kitu kimoja kwenye yale mageti. Thanjavur mageti ni mafupi kuliko mnara wa mungu, sawa kabisa, mlima uko katikati. Lakini ukienda Madurai kwenye hekalu la mungu wa kike Meenakshi, ambalo sehemu kubwa yake ni ya karne ya 16 na 17, unakuta kinyume chake, mageti 14 yenye minara, wa kusini unafika mita 52 hivi, na nyumba ya mungu katikati ni ndogo huioni hata kutoka mtaani. Srirangam ndo kabisa, kuta saba zimezungukana na geti la nje lililomalizika 1987 lina mita 70 na ushee. Ni kwamba chumba cha ndani kikishawekwa wakfu hakibomolewi kupanuliwa, kwa hiyo kila mfalme aliyetaka kuonyesha ukubwa wake alizungushia ukuta mpya nje, na geti lake likazidi la aliyemtangulia. Mji nao ukaingia ndani ya kuta, maduka, nyumba, mabasi. Kwa hiyo mtu anayependa shamrashamra, rangi, sanamu elfu moja zilizopakwa rangi za kung'aa, soko, maua ya jasmini, huyo Thanjavur itamchosha, ni kubwa na ya kijivu, aende Madurai. Ajue tu kwamba asiye Mhindu haingii chumba cha ndani pale, na simu zimepigwa marufuku tangu moto wa 2018, unaacha getini.

Kufika Thanjavur ni rahisi ukiwa Chennai, treni ya usiku toka stesheni ya Egmore unaamkia huko, ila kata tiketi mapema zinaisha vibaya mno. Ukiwa na ndege, shuka Tiruchirappalli halafu basi. Viatu unavua getini na lile jiwe saa saba mchana linaunguza, wazoefu wanabeba soksi. Nyumba ya mungu hufungwa mchana kwa masaa kadhaa, kwa hiyo nenda alfajiri au baada ya saa kumi jioni ambapo granaiti inageuka rangi. Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili ndo mvua za Tamil Nadu, watu wa kaskazini hawalijui hilo, wanakuambia Desemba ni msimu mzuri India nzima. Januari na Februari ndo poa.

Belur, Halebidu na Somanathapura

Hapa nawatuma watu wenye subira. Kama wewe ukienda makumbusho unapita mbio mbio, ruka sehemu hii.

Wafalme wa Hoysala walianza Chennakeshava la Belur mwaka 1117, na Hoysaleswara la Halebidu likaanza kama 1121. Kwa mbali hayatishi, Belur na Halebidu hata minara yake haipo tena, unaona kitu kama boma la mawe lililokaa chini. Ukisogea ndo shughuli inaanza. Jiwe lao ni laini, la jamii ya jiwe la sabuni, wale wanaoijua kazi ya mawe ya Kisii watalielewa haraka, linakatika vizuri likitoka ardhini na linakuwa gumu likikaa hewani. Kwa hiyo fundi aliweza kuchonga mkufu wa shingoni hadi ukawa umening'inia mbali na kifua, ngoma hadi ngozi yake na kamba zake. Nguzo za ndani nyingi zilizungushwa kwenye mashine ya kukerezea, jiwe zito la namna ile, zikatoka na mapete mapete yanayong'aa hadi leo.

Ramani yao nayo ni ya kipekee. Walichukua ule mraba wa kawaida wakauzungusha katikati yake kidogo kidogo, pembe zikatokeza, hekalu likawa nyota. Faida yake utaiona ukiwa unazunguka: ukuta unavunjika kila hatua, kuna uso mpya na kivuli kipya, na jukwaa la chini limefuata umbo hilohilo ili wewe utembee juu yake ukiwa karibu kabisa na sanamu. Halebidu chini kabisa kuna mstari wa tembo kuzunguka hekalu, juu yao simba, juu yao maua, farasi, visa vya Ramayana na Mahabharata, zile tenzi kuu za Wahindu, vimesimuliwa kwa picha ndogo ndogo, na juu ya yote miungu. Unasoma kwa kutembea. Na mafundi wameweka sahihi! Belur kuna Dasoja na mwanawe Chavana, Somanathapura kuna mmoja Mallitamma ambaye jina lake limerudiwa tena na tena.

Halebidu ulikuwa mji mkuu, jeshi la Usultani wa Delhi likaupiga mwanzoni mwa karne ya 14 na hekalu halikuwahi kumalizika. Ndo maana kama una siku moja tu na upo upande wa Mysore, mimi nakupeleka Somanathapura la mwaka 1258 badala ya hayo mawili. Ni dogo, halina umaarufu, lakini minara yake mitatu ipo kamili, unaona mtindo mzima kuanzia nyota ya chini hadi juu. Aliye Bangalore anayeweza kulala mji wa Hassan aende Belur na Halebidu, yako kilomita 16 tu yanaachana, Belur bado wanaabudu, Halebidu hapana. Yote matatu yaliingia urithi wa dunia mwaka 2023, kwa hiyo watu wameanza kuongezeka.

Kwa kifupi cha mwenye haraka: mchoraji, mchongaji, fundi cherehani (ndiyo, kwa ajili ya mapambo na mavazi), mpiga picha za karibu, hao Belur. Mwenye watoto wadogo, Thanjavur, kuna uwanja wa kukimbia. Msanifu, Khajuraho kisha Thanjavur, na akiweza kupata zote mbili asiende Belur mpaka mwisho kwa sababu baada ya Belur kuta za wengine zinaonekana zimeachwa nusu.

Kama huna hata siku mbili

Upo Chennai na daktari amekupa siku moja: Mahabalipuram, chini ya kilomita 60, gari la kukodi au basi. Pale utaona Dravida ikiwa bado inajaribiwa, karne ya 7, yale "magari" matano yaliyochongwa kila moja kutoka mwamba mmoja na mapaa yao ni ya aina tofauti tofauti. Hayakumalizika. Baadaye tembea hadi hekalu la ufukweni, la karibu mwaka 700 na kitu, chumvi imelila sana ila upepo ni mzuri kwa mgonjwa.

Upo Delhi au Agra na kila mtu kakupeleka Taj Mahal: ongeza Fatehpur Sikri, mji ambao Akbar alianza kuujenga 1571. Mfalme Mwislamu, lakini angalia nguzo, boriti na vile vishikio vya mawe chini ya paa, ni kazi ya mafundi waliotoka kwenye mila ya mahekalu, kwenye majengo mengi ya kasri tao limewekwa pembeni na jiwe limelazwa juu ya jiwe. Panch Mahal ni ghorofa tano za nguzo tupu. Hata kwenye kuba la Taj pale juu kuna ua la yungiyungi na kile chungu cha hekaluni, ukishaijua kalasha, yaani hicho chungu, utaiona.

Konark na Ellora nimeziacha makusudi kwa sababu kila moja ni safari yake. Konark ni gari la mungu jua la katikati ya karne ya 13 lenye magurudumu 24, ila mnara mkuu ulianguka na ukumbi uliobaki Waingereza waliujaza mchanga usiporomoke, huingii. Ellora, hekalu la Kailasa la karne ya 8 lilichongwa kuanzia juu kushuka chini kwenye mwamba mmoja, na kama upo Pune kusema kweli hiyo inashinda zote nilizozitaja kwa urahisi wa kufika. Usiende Jumanne, pamefungwa.

Na anayeniuliza Angkor Wat: ndiyo, ni mpango huohuo, minara mitano ya Meru, handaki la maji la upana wa mita 190 hivi ndo bahari inayozunguka dunia, mfalme Suryavarman wa Pili karne ya 12 kwa ajili ya mungu Vishnu, na wao walilielekeza magharibi. Lakini iko Kambodia, ni visa nyingine na nauli nyingine, sio safari ya kuibanza kwenye wiki moja ya kusubiri vipimo Chennai.